Wote Januari Mosi

Ijumaa, 4 Oktoba 2019
Nimesema mezani. Kwa sauti! Mama mdogo Rokeya anataka faili la kompyuta la wagonjwa wake wa macho. Binamu yangu Foyez, wa chuo, anataka faili ligawanywe visanduku mia, idadi isiyobadilika: kanuni inachukua siku na mwezi wa kuzaliwa wa mgonjwa, inatoa namba ya kisanduku, unakwenda papo hapo. Kikijaa, unaunganisha cha ziada nyuma yake. Mimi nikasema hapana — kikijaa kigawanyike viwili. Wagonjwa kutoka visiwa vya mtoni wanaongezeka kila mwaka.
Foyez: "Tohura bubu kasema! Leo mvua itanyesha mawe."
Mama mdogo akasema tufuate langu.

Jumapili, 6 Oktoba
Faili limekamilika. Nimelijaribu kwa majina na tarehe za kuzaliwa za darasa letu. Kama upepo! Shuleni kwetu nafikiri kwa Kiingereza, sioni haya. Nyumbani, kwa Kibangla, maneno yananikwama kooni.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimeingiza kadi halisi, mia nane. Mashine ikaganda. Kisanduku kimoja kinagawanyika, kinagawanyika, na watu wote wanabaki upande mmoja.
Nikafungua orodha ya kisanduku hicho: watu mia sita na kumi na mbili. Januari mosi. Januari mosi. Januari mosi.
Mjinga mimi! Huko visiwani nani aliandika siku ya kuzaliwa? Mwalimu au karani anayeandikisha hujaza Januari mosi, basi. Darasani kwetu kila mtu ana keki na tarehe yake. Tarehe zikilingana, hakuna mgawanyo utakaozitenganisha. La Foyez lingekokota mnyororo mrefu wa visanduku vya ziada, lakini lingetembea. Langu limekufa.
Dawa ni kumpa kila mgonjwa namba yake. Kuiandika kwenye kadi zote mia nane, kwa mkono. Na Jumamosi wazee wanavuka mto kuja kupasuliwa macho. Asiyeonekana kwenye faili atarudishwa na jicho lake vilevile.
Peke yangu siwezi. Lazima niseme.

Alhamisi, 10 Oktoba
Chai ya asubuhi. Mama mdogo anamsifia mgeni, daktari wa Dhaka: mwanangu huyu kimya tu, lakini kichwa!
Foyez: "Haya, profesa, faili linasemaje?"
Wote wakanitazama. Nikamgeukia Bibi — kadi yake nayo imo.
"Bibi, ulizaliwa lini?"
"Mwaka ule mto ulipokula msikiti, mjukuu wangu. Kwani unanitafutia mchumba?"
Wakacheka wote. Isipokuwa Foyez. Aliacha kutafuna.
"Wangapi?" akaniuliza. Bila mzaha.
"Mia sita na kumi na mbili."
Akasukuma sahani. Akaanza kukunja mikono ya shati.
"Mia sita nini?" akauliza Mama mdogo. "Mia sita nini, Tohura?"
Nikafungua mdomo, na kwa Kibangla nikasema: "Wagonjwa wa Januari mosi, Mama mdogo; faili langu limekufa, nisaidieni."