Mabaka ya Afande wa Darajani

Dada Zaituni, nakusalimu kutoka Jinja.

Vita vimekwisha, lakini kwenye kizuizi cha darajani wanajeshi bado wanatafuta watu wenye makovu ya risasi, wakiwadhania waasi. Jana mwanajeshi aliniamuru nikunje mikono ya shati. Nikamwonyesha mabaka yangu mekundu yenye magamba. Naye akakunja mikono ya shati lake. Mabaka yaleyale! Akaniambia:

"Bwana, hii haiambukizi. Mimi iko nayo tangu mtoto. Ukitoka kuoga, paka mafuta ngozi ikiwa bado na maji."

Akanipa mkono mbele ya foleni nzima. Dada, nimeduwaa mpaka sasa. Niliyemwogopa kuliko wote ndiye mgeni wa kwanza kunigusa bila kusita.

Mwambie Mama nimepaka mafuta leo, na kuwasha kumepungua. Nawapenda nyote.

Kaka yako, Hamisi