Usimgeuze Chura

Mwende mwanangu,

Hapa Kithyoko tuko wazima. Mtoto ameota meno mawili, na usingizi wangu umekwisha. Hadithi yako ya mwana wa mfalme katika shule ya uchawi nimeisoma. Anakataa kula na watoto wa wafanyakazi, na unaniuliza umpe adhabu gani.

Nilipokuwa shule ya bweni, alikuja binti wa chifu kutoka Kangundo, ambako kwao maji yalitoka mferejini nyumbani. Kiangazi tulichota maji kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka, na yalijaa polepole. Siku moja alipita foleni yote.

"Mnajua mimi ni wa nani?"

Akatumbukiza ndoo kwa nguvu. Kuta zikaporomoka, yakabaki matope, na jioni ilikuwa imefika.

"Haiya! Sasa mwambie baba yako aamrishe mchanga," mwenzetu Mutheu akacheka, akapiga magoti kuchimba upya.

Binti wa chifu alivua saa yake. Kisha akachimba naye. Siku hiyo alichota wa mwisho, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kwa hivyo huyo mwana wa mfalme usimgeuze chura. Mpe kiu na ndoo, halafu umngoje.

Anti yako