Siku Sekta ya Nyamulinda Ilipobishiwa Hodi

Muhumba, Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu tulipotoka misa, barabara yote ni tope, na mimi mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Leo wakubwa wa Bahati, mpenzi wangu, wamekuja kuniposa, na mbuzi wa mahari.

Nakiri nilikuwa na hofu. Papa alikuwa karani wa Sekta ya Nyamulinda, eneo dogo la utawala huko njia ya Bunyakiri, mpaka serikali ilipoifuta na kuitia ndani ya kolektivite, yaani eneo la utawala, ya majirani. Majirani hao ndio kina Bahati! Tangu hapo Papa ameapa hataweka mguu kwao, na kila mgeni wetu lazima asimuliwe jinsi sekta ilivyokuwa na tribinali yake ya kuamua kesi na soko lake. Maman husema sekta ilikufa kila mahali isipokuwa sebuleni kwetu.

Basi tonton wa Bahati, ami yake na msemaji wao, akasimama na suti yake mpya ya abakosti. Alitaka kumpendeza Papa.

"Papa, sisi wote tuko batu ya kolektivite moya. Tuko nyumba moya."

Mungu wangu!

Papa akaweka glasi chini. "Kama tuko nyumba moya, huyu mutoto iko dada yenu. Mutu anaweza kuoa dada yake? Murudishe mbuzi zenu."

Shangazi zangu wakatazama sakafu. Machozi yalinilenga, maana Papa akisema hapana, ni hapana.

Tonton hakubishana. Aliwainua watu wake wote, akawatoa nje mvuani, mbuzi nao. Halafu tukasikia mlango unagongwa.

"Hodi! Tuko bageni. Tumetoka kwetu, tumekuya ku Sekta ya Nyamulinda, kuomba mutoto."

Maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu wa upande ule akilitaja jina hilo. Papa naye hivyo hivyo. Alivua miwani, akaifuta, akaenda kufungua mlango mwenyewe, yeye ambaye hata chumvi huletewa mezani.

"Karibuni Nyamulinda," akasema.

Mbuzi wamepokelewa. Pombe ya ndizi imenywewa, na Papa na tonton wamebishana kwa raha kuhusu mpaka wa zamani wa sekta, kwamba ulipita mto gani.

Wageni walipoondoka, nilidhani Papa amesinzia kitini. Akafungua jicho moja.

"Kwa bale batu, njia inapitaka wapi? Nitakuya kukuona kule."

Kesho nitaamka mchumba wa mtu. Nimefurahi hata kalamu haishikiki.