Mume Wangu Anasema Damu Ni Mfano

Mshauri wangu, shikamoo, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sikudhani na mimi nitafika hapa, nisaidie kabla ya Alhamisi maana wazee wa kanisa wameniita na sijui nikaseme nini.

Mume wangu ni dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na mmoja sasa anafua mashuka ya wodini na yale ya chumba cha upasuaji, na kanisani ni shemasi, na mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Mwezi uliopita kwenye somo la Biblia, mzee wetu wa kanisa, tunamwita Mzee Aya kwa sababu hata ukimjulia hali atakujibu kwa aya, alikuwa anafundisha ile habari ya mavazi yaliyofuliwa katika damu ya Mwanakondoo yakawa meupe, akasema yote ni neno kwa neno, Mungu alidai damu, damu ikamwagika, adhabu yetu ikalipwa, kwisha. Mume wangu, mtu asiyesema hata akikanyagwa mguu, akasimama akasema yeye damu anaifua kila siku na haijawahi kung'arisha hata leso, kwa hiyo hapo Biblia inasema kwa mfano, na msalaba unatuonyesha Mungu anavyotupenda, si kwamba kuna aliyekuwa anangoja damu ndipo atulie. Wengine wakacheka, Mzee Aya hakucheka.

Mshauri, nikajiuliza haya kayatoa wapi na kwa nani, nikaanza kupekua mifuko, nikanusa kola za mashati, nikakuta daftari jembamba chini ya nguo alizozipiga pasi mwenyewe, limejaa aya, na pembeni kaandika mara tatu, "Alilipwa nani?" Nilipomuuliza siku hizi anasoma nini akasema anasoma tu, sasa mtu anayesoma tu anaficha ya nini?

Nisikufiche. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na mwanamke, muuza dawa wa pale hospitalini, nikajua, akatubu mbele ya kanisa zima, na Mzee Aya akanishika mkono akaniambia, "Mama, dhambi hii imeshalipwa msalabani, wewe usiiguse tena." Nikafunga mdomo, sikuuliza hata swali moja, kwa sababu imelipwa. Leo mume wangu huyohuyo anasema hakuna malipo, ni mfano. Kama hakuna aliyelipa, mimi nilinyamazia nini? Naona anajitengenezea njia ya kurudi kulekule, maana akishasema damu ni mfano, kesho atasema na ndoa ni mfano.

Wazee wanataka niwaeleze anayoyasema nyumbani ili wamvue ushemasi. Daftari nimeshalichukua, liko kwenye droo ya cherehani. Nilipeleke?

Mke wa Dobi

*

Mke wa Dobi, marahaba, na pole. Umebeba mzigo miaka mitatu bila kumwambia mtu, na aliyekutwisha ameuita uimara wa imani. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaanza kukushuku wewe.

Habari ya damu sikuamulii. Wakristo wameibishania tangu zamani, na wacha Mungu wapo pande zote. Maandiko yenyewe mara yanasema sadaka ya madhabahuni, mara fidia ya mateka, mara watu waliokosana wakapatanishwa. Mumeo naye asijione kamaliza mjadala kwa sababu ya ndoo yake ya kufulia. Ila na Mzee Aya, pamoja na neno kwa neno lake lote, sijasikia amepeleka kanzu ikafuliwe kwa damu.

Ninachojua ni hiki: hakuna upande hata mmoja unaosema mume akishatubu kanisani, mke hana ruhusa ya kuuliza. Hilo kaliongeza Mzee Aya, kwa sababu kilio chako kingemharibia ibada. Sasa nionyeshe kwenye barua yako mahali mumeo alipokuomba msamaha wewe. Nimepatafuta, sijapaona.

Unasema anatafuta njia ya kurudi kwa muuza dawa. Inawezekana, simjui, siwezi kumwekea dhamana. Lakini mwenye nia hiyo angefurahi kuambiwa imelipwa, akaenda zake. Anayeandika "Alilipwa nani?" mara tatu ni mtu aliyetangazwa safi mbele ya watu, kisha kila jioni anarudi kwa mke anayemnusa kola. Huyo anafua madoa miaka kumi na moja, mama. Doa lililobaki analijua.

Basi sikiliza. Alhamisi usilipeleke daftari. Waambie wazee kama wanataka kujua shemasi wao anaamini nini, wamuulize mwenyewe, ana mdomo. Ukilipeleka, hutakuwa umeitetea damu ya Yesu. Utakuwa umelipiza kisasi, na moyoni unalijua hilo, ndiyo maana umeniandikia kwanza.

Siku akiwa nyumbani, litoe kwenye droo uliweke mezani, ukiri kwamba ulilichukua. Muulize usoni kama ameanza tena. Akisema ndiyo, itisha kikao cha ndugu wa pande zote mbili, na Mzee Aya asiwemo. Akisema hapana, usikimbilie cherehani. Mtolee yote uliyoyameza, ila taratibu, kwa maana yeye mwenyewe atakwambia damu ukiimwagia maji ya moto inaganda kwenye uzi na haitoki tena. Inataka maji ya baridi na mtu asiye na haraka.

Ukimaliza, mwambie hivi: "Damu iwe mfano au isiwe, mimi nilipolia sikuwa mfano." Kisha nyamaza, na safari hii unyamaze ili ajibu yeye.