Ziwa Halivukwi Peke Yako

Jumanne, 9 Februari 2010
Bugali tayari. Sombe, majani ya muhogo ya kugandishwa, haina ladha. Theluji imefunika dirisha la jirani wa chini. Kabla ya kula nimetaja njia, kama kila jioni. Bagamoyo. Mpwapwa. Tabora. Ujiji. Nikaishia hapo, nikala.

Kwetu Kasongo, ukoo wa wapagazi, ndivyo tulivyolelewa. Babu alibeba pembe za ndovu za Waarabu mpaka bahari ya mashariki. Baadaye akabebeshwa mizigo ya Wabelgiji kushukia bahari ya magharibi. Kichwa kilekile. Mmoja hutaja kambi, mwingine hujibu "tumefika", ndipo mnakula. Nchi kavu unaweza kujitajia. Ziwa halivukwi peke yako. Tangu nimzike mume wangu, aliyekuwa akinijibu, mimi nalala Ujiji, ukingoni mwa ziwa.

Alhamisi, 11 Februari
Mjukuu wangu Neema amepiga simu kutoka kwao Hjulsta, mwisho wa reli. Msichana mkubwa, kucha kama za mwewe. Shuleni anatakiwa kueleza njia ya zamani ya biashara, anataka kambi zote mpaka bahari ya pili. Nimemwambia aje Jumapili. Nimefua kitambaa cha meza. Nimefurahi. Yeye sitamwambia.

Jumapili, 14 Februari
Amekuja. Hata koti hakuvua. Ameweka simu mezani, kando ya sombe.

"Bagamoyo," nikasema. Akaitazama simu yake. Nikarudia.

"Jibu, wewe!"

"Koko, we sema tu. Inarekodi. Nitasikiliza kwenye treni."

"Hiyo simu ndiyo itapiga kasia?"

Akacheka. Akasema kitu kwa Kiswidi, nikashika neno la uzee tu. Najua mimi mzee, sihitaji kutangaziwa. Nikaifunika simu yake kwa kifuniko cha sufuria. Nikamwambia aende kwao. Akaenda. Bugali wake umebaki mezani mpaka ukaota ganda.

Jumatano, 17 Februari
Hajapiga. Mimi sipigi, mkubwa hapigi. Mama yake ndiye amepiga. Eti mtoto amelia. Nimemjibu machozi hayavushi mtu. Nikakata.

Naye huyo binti yangu kambi alishazisahau, ana haraka ya kazi. Nikifa, babu atabaki Ujiji, mzigo kichwani, anatazama maji. Hakuna wa kumvusha.

Ijumaa, 19 Februari
Nimefanya upumbavu. Nimetaja Ujiji, nikajijibu kwa sauti nzito, kama ya mume wangu. Nikavuka mpaka Mtowa, ng'ambo ya ziwa. Nyumba nzima ilisikia ni mimi peke yangu. Aibu. Nimemwaga sombe yote.

Jumapili, 21 Februari
Theluji imesimamisha treni. Sikungoja mtu. Mlango ukagongwa: Neema. Ametembea kutoka Hjulsta, viatu vya kitambaa, mjinga huyu. Nimemgombeza huku namsugua miguu. Miguu ya barafu.

Simu ameiacha kwenye koti, koti mlangoni. Nimeona. Nikapakua bugali.

"Bagamoyo."

"Framme."

"Tumefika! Neno ni tumefika."

"Koko, mimi nafika kwa Kiswidi."

Mdomo huo! Wa mama yake. Nimemwacha. Mpwapwa, framme. Tabora, framme. Ujiji, framme. Hapo nikaishia, nikatazama sahani. Neema akainuka, akachukua mwiko wa bugali, akapiga hewa kama kasia. Bugali ukaruka mpaka kwenye pazia. Sikumgombeza.

Mtowa. Kabambare. Kasongo.

Akauliza bahari ya pili iko wapi. Nikamwambia bado mbali sana, hapa kwanza tunalala, hapa ni kwetu. Amekula sahani mbili.

Sasa amesinzia kwenye kochi, mdomo wazi. Nje bado inaanguka. Viatu vyake nimevigeuza juu ya bomba la joto. Vikauke vizuri. Kutoka Kasongo kushuka, njia ni ndefu.