Nge Ndani ya Mkono wa Gia

Kisangani, mtaa wa Tshopo, tarehe 9 Machi 2024

Papa mpenzi,

Simu yako haipatikani tangu uende Kolwezi, kwa hiyo ninaandika, na nitasema yote, hata yale ambayo Mama angependa niyafiche.

Sisi tu wazima. Mdogo wangu Benie ameota meno mawili.

Ndugu yako, Tonton Sadrack, amebadilisha mkono wa gia wa gari letu. Kweli ule wa zamani ulikuwa umelegea. Lakini huu mpya ni mfupi, na kichwa chake ni plastiki inayong'aa yenye nge mfu ndani. Tonton anakula makayabu, wale samaki wa chumvi, huku akiendesha, anakishika kwa vidole vya mafuta, kisha anakitemea mate na kukisugua kwa shati. Siku hizi ninakaa nyuma.

Mama alimwambia, "Shemeki, utie na mende, nge asikae peke yake."

Tonton akacheka. "Mwenye motokari hatarudi tena. Donc iko yangu."

Mama aliingia jikoni, na siku ile pondu yetu, majani ya muhogo, iliungua.

Kichwa cha mbao cha ule mkono wa zamani, ulichokichonga mwenyewe, kile nilichokishika nawe ukaweka mkono wako juu ya wangu tulipokwenda Banalia, nilikikuta kwa Tonton, mke wake akikitumia kuponda pilipili. Nilimwomba, akanipa. Nimekiosha kwa sabuni, bado kinawasha. Kimo ndani ya mfuko wangu wa shule.

Papa, nijibu upesi: gari ulimpa Tonton, au ulimwachia tu mpaka urudi?

Binti yako anayekungoja,
Chimène