Maji Tuliyoyachuja Kabla ya Kamera

Mpwa wangu Mwanahawa, mtoto wa dada,

Nakuandikia kutoka Marambo kwa mkono wangu mwenyewe, mtu niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alishindwa kunijibu maswali. Huku tu wazima. Mikorosho imetoa maua hadi nyuki wanagombana.

Filamu yako imefika. Vijana wa mradi wa maji waliileta shuleni Nambilanje, pamoja na filamu nyingine fupi fupi za nchi za watu, zote za shida ya maji. Tuliziba madirisha ya darasa kwa mikeka ili picha ionekane ukutani. Mimi nilikaa mbele kabisa, kama mhusika mkuu. Nimeonekana kisogo tu, tena kidogo, lakini kisogo chenyewe kimetulia, kila mtu alikitambua.

Unakumbuka kiangazi kile ulipokuja na kamera? Nilikusimulia nilivyochimba dhahabu Namungo mpaka nikawasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa. Ukacheka, ukasema, "Mjomba, hiyo hatuiweki." Ulitaka kitu kimoja tu: mama yako achote maji kwenye shimo la mchangani kule mtoni, kama anavyochota kila siku, watu wayaone yale maji yanayofanana na chai ya maziwa.

Asubuhi tukashuka mtoni. Wanawake wamevaa khanga za Idd, ndoo zimesuguliwa kwa majivu, na ndani yake maji meupe, unaona mpaka chini. Yalichujwa jana yake, yakalala mtungini yakatulia, halafu yakatiwa kwenye ndoo yakabebwa kichwani. Nani amewahi kuona maji yakipelekwa mtoni? Ulikaa kwenye mchanga ukashika kichwa.

Ukamwomba mama yako amwage, achote upya ya shimoni. Akakataa. "Mgeni mmoja akija kwangu simpi maji machafu," alisema. "Leo niipe dunia nzima?" Ukamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi ya filamu, watu waone. Naye akakuuliza kama alikusomesha ili uje umvue nguo hadharani. Ukabaki kurekodi ulichoruhusiwa: mikono yake ikikunja kitenge cha kuchujia mara nne na kukifunga mdomoni mwa ndoo. Mikono tu, maji hapana. Siku ya kuondoka alikusindikiza mpaka barabarani, lakini hamkusemezana. Mimi ndiye niliyeongea njia nzima mpaka basi likaja.

Sasa nikwambie jambo nililolikalia tangu siku ile. Wale wanawake hawakujipangia. Ni mimi. Jana yake nilizunguka na pikipiki nyumba kwa nyumba nikitangaza kwamba mpwa wangu amekuja na macho ya dunia, kwa hiyo maji yawe meupe na asionekane mtu na khanga iliyofubaa. Kwetu sisi mjomba akisema, nyumba inasikia. Nilidhani nakupamba. Ulipokaa pale mchangani nilitaka kukwambia, nikaogopa, mimi ambaye hata chui wa huku akiniona anabadili njia.

Basi pale shuleni ikaja filamu ya wanawake wa nchi ambayo jina lake lilinipita. Wanachota dimbwini pamoja na ng'ombe, maji ya kahawia kabisa, na hawayafichi. Mmoja akatoa kitambaa, akaanza kukunja. Darasa zima likahesabu kwa sauti mpaka nne. Watu wakajicheka wenyewe. Bi Somoe, jirani ya mama yako, akasema polepole, "Huyu naye hakuwa na mjomba wa kumwambia achuje kwanza." Nikageuka kuangalia mikeka ya dirishani.

Mama yako hakucheka. Aliomba filamu ile irudiwe, ikarudiwa. Ikafuata ya kwako, mikono yake ukutani mikubwa kama milango. Aliitazama mpaka ikazimika.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Yule mama wa kule kaonyesha maji yake, na hakuna aliyemcheka," akasema. "Mimi nimeonyesha mikono. Sasa atajuaje kwamba tuko wawili?"

Nikamuuliza nikuandikie nini.

"Mwambie mwanangu aje na kamera yake," akasema. "Nitachota."

Kwa hiyo njoo, Mwanahawa, kabla mvua hazijaanza na shimo halijafunikwa na mto. Nauandika ujumbe huu nikiwa na furaha kuliko siku niliyoozwa mke. Nyumba kwa nyumba safari hii sipiti. Siku hiyo utanionyesha wewe mahali pa kukaa, hata kama ni nyuma ya kamera.

Nilimuuliza mama yako kama niyaandike maneno yake hivyo hivyo. Akasema niandike hivyo hivyo, nisiongeze kitu. Sijaongeza.

Ubaki na afya njema huko uliko,

Mjomba wako